Akili ya Mtumishi na Deni la Bwana

Iko rai inayopendwa na wasomaji wengi wa fasihi za kigeni, kwamba mchezo wa kuchekesha unaompa mtumishi akili na kumpa bwana ujinga ni mchezo wa haki. Husemwa kwamba dunia imemdhulumu mtumishi kwa kumnyima mali, cheo na kiti cha kukalia. Basi mchezo humlipa kwa kumpa kitu kilicho bora kuliko vyote hivyo, yaani akili. Rai hii ni tamu masikioni, na kwa ajili ya utamu wake imepita kinywa hata kinywa bila ya kupimwa. Yafaa ipimwe. Wala haina haja ya mizani ya ugenini, maana pwani ya Tanga na Pangani inayo mizani yake, na mizani hiyo ilichongwa na watu ambao kwao habari ya bwana na mtumishi haikuwa mchezo.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni mchezo wa Kiingereza uitwao Jeeves and Wooster, ulioonyeshwa katika televisheni ya ITV huko Uingereza tangu mwaka 1990 hata mwaka 1993, sehemu 23 kwa jumla. Hugh Laurie alicheza Bertie Wooster, kijana wa ukoo mkubwa, mwenye fedha ambazo hakuzitolea jasho. Stephen Fry alicheza Jeeves, mtumishi wake wa chumbani, anayetunza nguo zake, chai yake na siri zake. Mchezo huo ulitokana na hadithi za P. G. Wodehouse, ambaye alimtaja Jeeves mara ya kwanza mwaka 1915 na kuendelea kumwandika hata mwaka 1974. Watu wawili hao wamechekesha vizazi vitatu vya wasomaji, na haielekei kwamba watasahauliwa upesi.

Haki ya mpinzani na itolewe kwanza. Mchezo huu umefumwa kwa ustadi. Bwana hujikuta katika uchumba asioutaka, au hutumwa na shangazi yake kuiba kijagi cha fedha chenye umbo la ng'ombe, au hubebeshwa mizigo ya rafiki zake ambao ni wapumbavu kuliko yeye. Mambo yakisha kufungamana hata hayafunguki, Jeeves huingia bila ya kusikika nyayo, hukohoa kidogo, husema maneno machache yaliyopangwa vema, na fundo hulegea. Wala bwana si mtu mbaya. Ni mkarimu, hana kinyongo, na hamtupi rafiki katika dhiki. Upungufu wake ni mmoja tu, kwamba hawezi kuvuka siku bila ya kuokolewa na mtu anayemwamrisha. Wodehouse hakuuficha upungufu huo. Aliuweka mezani kila siku ili ucheke wewe na acheke yeye. Asemaye kwamba hizi ni kazi hafifu hajui uzito wa wepesi.

Lakini ustadi wa fundi ni jambo moja, na haki ya kazi yake ni jambo la pili. Msomaji atazame malipo. Akili ya Jeeves imemwokoa bwana wake na ndoa mbaya, na aibu, na mahakama, na hasira za shangazi. Je, yeye amepata nini? Hupata fedha kidogo za bahashishi, safari aliyoitamani, na zaidi ya yote hupata idhini ya kuitupa nguo ya bwana isiyompendeza: soksi za rangi kali, koti jeupe, kofia isiyo na heshima. Katika riwaya ya mwaka 1934 iitwayo Thank You, Jeeves, mtumishi huyu anafunga mizigo na kuacha kazi. Msomaji wa pwani akisikia hivyo hutega sikio, akidhani kwamba sasa hesabu italetwa. Kumbe sababu ni banjo ndogo ambayo bwana anajifunza kuipiga, na kelele zake zinamchukiza mtumishi. Mshahara hautajwi, wala utu, wala miaka ya maisha inayoteketea katika chumba cha mtu mwingine. Mtu mwenye akili kuliko wote walio katika hadithi hizo amepewa uhuru ulioishia katika kuchagua soksi za mwenziwe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kufundisha. Neno la Kiswahili kwa mtu wa hali ya Wooster ni muungwana. Katika miji ya pwani muungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Heshima ya mmoja ilipimwa kwa unyonge wa mwingine. Lakini watu wa pwani hawakuridhika na maana hiyo. Walitunga methali, ambayo bado iko vinywani mwao, kwamba muungwana ni vitendo. Kwa methali hiyo nasaba imeondolewa katika kiti cha hukumu, na kazi imeketishwa mahali pake. Anayetenda ndiye muungwana. Basi kwa sheria ya methali hii, katika nyumba ile ya London yumo muungwana mmoja tu, na si yule anayeletewa chai kitandani.

Mzizi wa neno mtumishi nao haukosi hekima. Kutokana na tendo la kutuma amepatikana mtume, amepatikana mtumwa, na amepatikana mtumishi. Mmoja amesujudiwa na mataifa kwa ajili ya ujumbe wake, wa pili ameuzwa sokoni, wa tatu hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Na wote watatu ni watu waliotumwa. Kilichowatenga si akili wala ubora wa miguu. Kilichowatenga ni swali hili: nani aliyewatuma, kwa haki gani, na kwa faida ya nani? Mchezo unaomsifu mtumishi kwa akili na kulikwepa swali hilo umesifu miguu ya mjumbe na kuuficha ujumbe.

Wala swali hilo si la nadharia katika pwani ya kaskazini. Katika karne ya 19, mabwana wa Pangani waliwatuma watumwa wao bara pamoja na misafara. Mtumwa alijua njia, alijua lugha za watu na bei ya pembe, alijua lini kutoa zawadi na lini kunyamaza. Bwana aliweza kubaki barazani akingoja faida. Mwenye akili ya biashara hakuwa mwenye biashara. Katika mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani hali ilikuwa kali zaidi, na huko watumwa wengi hawakungoja mwisho mwema wa hadithi. Walitoroka na kujenga makao yao wenyewe, makao ya watoro. Hao nao walikuwa watumishi werevu, ila werevu wao haukumfurahisha bwana, na kwa sababu hiyo hakuna mchezo wa kuchekesha unaowakumbuka.

Utumwa haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kabla ya hapo bwana mwingine alikwisha kuwasili. Mwaka 1893 miche ya kwanza ya mkonge ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na mkonge ukaijaza nchi ya Tanga mashamba, mameneja na makarani. Wazungu walikaa Raskazone, penye upepo wa bahari; Waafrika walikaa Ngamiani, ng'ambo ya reli, katika barabara zilizopewa namba. Mpishi, dobi na yaya waliijua njia iliyounganisha sehemu mbili hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Mzee mwenye mvi, mwenye wake na wajukuu, kiongozi wa watu msikitini kwake, alipovuka reli aligeuka kuwa boi. Neno hilo lilikopwa kutoka Kiingereza, nalo maana yake ni mtoto wa kiume. Huyo ndiye Jeeves wa Tanga. Alijua lini bwana amelewa, lini bibi amelia, na barua gani isisomwe mbele ya wageni. Aliokoa nyumba nyingi na aibu nyingi kwa kikohozi kama kile kile. Jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Mpinzani atasema kwamba haya ni makosa ya historia na si ya mchezo, na kwamba mchezo wa kuchekesha hauwajibiki kulipa madeni ya dunia. Jibu lake limo katika hadithi za pwani zenyewe, maana nazo zilichekesha, na hata hivyo zililipa.

Katika ngano za Kiswahili ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja jina lake Hamdani alikuwa akichakura jaani kama kuku, akitafuta punje za kula. Siku moja aliokota thumni. Badala ya kununua chakula akanunua paa, na watu wakamcheka. Paa yule akasema kama mtu. Akaenda nyikani, akapata almasi, akaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine kuwa posa, akasema ametumwa na bwana wake, Sultani Darai. Hapakuwa na Sultani Darai duniani. Jina lile lilibuniwa na mtumishi, na bwana akalivaa kama alivyovaa nguo ambazo mtumishi huyo huyo alimpatia. Paa akamwoza bwana wake binti wa sultani. Akaenda akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akaitwaa nyumba yake yenye mali, akamkaribisha bwana wake ndani. Bwana hakuuliza hata mara moja nyumba ile ilipatikanaje.

Mpaka hapo hadithi hii na ile ya Ulaya ni ndugu. Charles Perrault wa Ufaransa alichapisha mwaka 1697 kisa cha paka mwenye viatu, ambaye naye alimbunia bwana wake fukara cheo cha uongo na kumpatia binti wa mfalme. Kisa hicho kimeishia katika furaha: kijana ameoa, na paka amekuwa mtu mkubwa asiyekimbiza panya ila kwa kujipumbaza. Deni limefutwa kwa tabasamu. Lakini msimulizi wa pwani hakukubali kuondoka mapema namna hiyo. Alikaa ili aone bwana atafanya nini siku mtumishi atakapougua. Paa akaugua. Akamtuma bibi kizee kwa bwana wake kumweleza hali yake, na bwana akajibu kwamba apikiwe uji wa mtama, chakula duni. Mke akamsihi mumewe, naye hakusikia. Paa akafa kwa huzuni zaidi ya maradhi, na bwana akaamuru atupwe kisimani. Shukrani ya punda ni mateke. Basi usiku ule mke aliota kwamba yuko kwao, alipoamka akajiona yuko kwao kweli. Na Hamdani alipoamka alijikuta jaani, anachakura kama kuku.

Hiyo ndiyo hukumu ya pwani, nayo ni kali kwa sababu ni ya haki. Haikusema kwamba bwana asiwe mjinga. Ujinga wa Hamdani ulivumiliwa tangu mwanzo, hata ulichekesha. Ilisema kwamba sultani aliyefanywa na mtumishi hawi sultani tena siku anapomkana mtumishi. Mali, jina na mke vilikuwa mkopo. Mchezo wa Wooster unampa bwana mkopo ule ule kila juma, na haumpeleki jaani kamwe. Jeeves haugui. Hazeeki. Hana mama kijijini wala mtoto wa kusomesha. Amenyimwa mwili ili asiweze kudai.

Abunuwasi naye ana neno katika kesi hii. Husimuliwa kwamba tajiri mmoja alimshitaki maskini kwa kula mkate wake penye harufu ya nyama ya tajiri, akadai thamani ya harufu. Abunuwasi akachukua fedha, akazigonganisha masikioni mwa tajiri, akamwambia kwamba mlio wa fedha ndio malipo ya harufu. Hekaya hii imechekesha tangu barazani hata darasani. Yafaa igeuzwe na kuelekezwa kwa wale wanaosema kwamba Jeeves amelipwa. Yeye hakuuza harufu, aliuza nyama. Alitoa kazi, usingizi na maarifa. Malipo anayopewa, yaani kusifiwa na watazamaji kwamba ana akili kuliko bwana wake, ni mlio wa fedha. Kwa harufu mlio watosha. Kwa nyama hautoshi.

Wala asiseme mtu kwamba anayedai hivi ni adui wa kicheko. Tanga haiwezi kuwa adui wa kicheko, maana ndiyo iliyomzaa Amri Athumani, aliyejulikana kote kwa jina la Mzee Majuto, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018. Aghalabu mtu aliyemcheza alikuwa mzee mkaidi, mwenye tamaa au hasira, aliyejiona mkubwa. Na ukubwa ule ulimwangukia yeye mwenyewe mbele ya watu wote. Watazamaji walicheka mpaka machozi, na walipokwisha kucheka ukubwa ulikuwa umepungua kimo. Kicheko kilicho bora ni kile kinachoacha kitu kimevunjika ambacho kilistahili kuvunjika.

Kama lawama ingeishia Uingereza ingekuwa rahisi mno. Nyumba ya Kiswahili nayo ina vumbi lake. Unguja ilipata televisheni katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Tangu wakati huo michezo ya kuchekesha imeongezeka sana. Je, katika michezo hiyo mtumishi wa nyumbani amewekwa mahali gani? Mara nyingi amewekwa chini kuliko Jeeves. Ni msichana aliyetoka kijijini asiyejua kuwasha jiko la umeme, anayechekwa kwa lafudhi yake, anayeunguza wali na kuvunja sahani. Au ni mlinzi wa lango anayesinzia. Mwingereza amempa mtumishi akili na kumnyima malipo. Mtunzi wa Kiswahili amemnyima vyote viwili. Wototo wa watu waliosimulia habari ya paa wamemsahau paa, wakabaki na uji wa mtama. Na hili hufanywa katika nchi ambayo akina mama wengi wa mjini hawangeweza kwenda kazini asubuhi kama msichana huyo hakubaki na mtoto. Lafudhi ya Kisambaa au ya Kizigua haikuwa dosari ya Kiswahili. Ni alama kwamba msemaji anazo lugha mbili, na mara nyingi anayemcheka anayo moja.

Jambo moja zaidi lastahili kukumbukwa. Wodehouse aliwapa watumishi wa hadithi zake chama chao, Junior Ganymede, na sheria ya chama hicho ni kwamba kila mwanachama aandike kitabuni habari za bwana wake, ili wenziwe wajue wanakwenda kumtumikia mtu wa namna gani. Silaha iliyoje! Watumishi wa mabwana wakubwa wameungana, na siri zote za mabwana ziko mikononi mwao. Lakini kitabu kile hakikutumiwa kudai hata shilingi moja kwa wote. Kilitumiwa kumwokoa bwana mmoja na adui yake. Linganisha na historia ya Tanganyika. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani waliunda chama chao Dar es Salaam. Mwaka 1956 watumishi wa nyumbani na wa hoteli waligoma. Hao pia walizijua siri za mabwana, lakini hawakuzungumza juu ya siri. Walizungumza juu ya mshahara na saa za kazi. Dunia nzima ilichelewa kuwafikia: mkataba wa kimataifa wa kazi za nyumbani, namba 189, ulipitishwa Geneva mwaka 2011 tu.

Na kama mtu akiuliza akili ya mtumishi ingefanya nini kama isingetumiwa kumwokoa bwana, Tanga inalo jibu lililo karibu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa mtumishi karibu maisha yake yote ya utu uzima. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, kisha wa idara ya wanyama, kisha wa ofisi ya wilaya na ya upimaji mjini Tanga. Mchana aliandika aliyoamriwa. Akili iliyobaki hakuitumia kunyoosha mambo ya wakubwa wake. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi ya kubuni ambamo mshitakiwa asiye na cheo anasimama mbele ya mfalme na madiwani na kuihukumu serikali kwa hoja. Leo majina ya wakubwa wa ofisi zile hayasomwi darasani. La karani wao linasomwa kutoka Tanga hata Kongo. Muungwana ni vitendo.

Basi wanafunzi watakaotunga michezo ya kesho wasiogope kumfanya mtumishi awe mwerevu, wala wasiogope kuchekesha. Waogope jambo moja tu: kumsifu mtu ili asilipwe. Wampe mtumishi akili, na pamoja na akili wampe mwili unaougua, jina lake kamili, kwao anakotoka, na siku moja ya kuleta hesabu mezani. Bwana akilipa, watazamaji watacheka kwa furaha. Asipolipa, msimulizi asiondoke mapema. Angoje asubuhi, aone mtu yule ameamkia wapi.